Laga ya nyumbani: pima joto la bia yenyewe, usipime la friji

Bia nyingi inayouzwa baa za kwetu, kuanzia Safari na Kilimanjaro mpaka Tusker na Primus, ni laga, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi. Kwa hiyo anayepika bia nyumbani akishaimudu aina nyingine, haipiti muda anataka kujaribu na hiyo. Kimea anacho, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) ameagiza, hamira ya laga imo kwenye pakiti. Kinachomshinda ni joto. Dar es Salaam chumba kinakaa nyuzi 28 hadi 31 sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi kuna unafuu, lakini hata huko hakuna chumba kinachobaki nyuzi 12 usiku na mchana. Inabidi friji au friza, na kosa kubwa linaanzia hapo hapo: mtu anaiseti nyuzi 12, anafunga mlango, anaamini bia nayo iko nyuzi 12. Haiko.

Hamira inapokula sukari inatoa joto. Kila kilo moja ya sukari ya kimea inayochachuka hutoa takriban kilojuli 587. Chukua lita 20 za maji ya kimea zilizoanza na kipimo cha 1.050 kwenye haidromita (kifaa kinachopima uzito wa maji ya kimea, na hivyo sukari iliyomo) na zitakazoishia 1.010: hapo kilo 1.7 hivi ya sukari inaliwa, na joto lake lingetosha kupandisha lita hizo 20 kwa nyuzi 11 au 12 kama lisingepata pa kutokea. Sehemu kubwa inatoka siku ya pili hadi ya nne, povu linapokuwa juu. Hewa ndani ya friji ikiwa nyuzi 12, bia siku hizo inaweza kuwa 14, 15 au hata zaidi, kutegemea unene wa ndoo na kama hewa ya ndani inazunguka. Ukipita siku ya tano ukapima, utakuta hewa na bia zimelingana, na utadhani mambo yalikuwa sawa tangu mwanzo. Wakati huo ladha imeshaharibika.

Hamira ya laga, Saccharomyces pastorianus, ni mseto wa hamira ya kawaida na ndugu yake wa porini anayestahimili baridi, Saccharomyces eubayanus, aliyetambuliwa na watafiti mwaka 2011 kwenye misitu ya Patagonia. Urithi huo wa baridi ndio unaoiwezesha kufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13, ambako hamira nyingi za eli (bia inayochachushwa kwenye joto zaidi) husinzia. Huko Bavaria amri ya mwaka 1553 iliruhusu kupika bia kuanzia Septemba 29 hadi Aprili 23 tu, kwa kuwa bia ya kiangazi ilikuwa inaharibika. Mashine za kupoza za Carl von Linde, zilizoanza kutumika viwandani miaka ya 1870, ndizo zilizoifanya laga iwezekane mwaka mzima, na baadaye iwezekane hata pwani ya Bahari ya Hindi.

Kidhibiti na friza

Thamostati ya friji ya kawaida haifai. Imetengenezwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ile ya friza iko chini ya sifuri. Unachohitaji ni kidhibiti cha nje chenye sensa ya waya, kinachoikatia friza umeme na kuirudishia. Wafugaji wa kuku wanakifahamu: ni thamostati ile ile inayofungwa kwenye mashine za kutotolesha vifaranga. STC-1000 ndiyo ya bei nafuu zaidi, lakini inakuja kavu, unaifunga mwenyewe ndani ya boksi. Kuna nyingine, kama Inkbird ITC-308, ambazo tayari zina soketi mbili, moja ya kupoza na moja ya kupasha. Ukiagiza, hakikisha ni ya volti 220 hadi 240, maana zipo pia za volti 110.

Kwenye STC-1000, namba 1 na 2 ni umeme wa kuiwasha yenyewe, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni upande wa kupasha, 7 na 8 ni upande wa kupoza. Wengi wanakwama kwenye jozi mbili za mwisho. Hizo ni swichi tupu, hazitoi umeme. Lazima uvute waya wa moto kutoka namba ya kuingizia hadi 5 na 7, kisha 6 na 8 ziende kwenye soketi. Kama hujawahi kushika waya wa moto, mpe fundi umeme aifunge kwa nusu saa.

Mipangilio ya kuanzia: F1 ni joto unalotaka. F2 ni tofauti inayoruhusiwa, weka 0.5, kwa hiyo ukiseti 12 kompresa inawaka bia ikifika 12.5 na kuzima ikirudi 12. F3 ni dakika za kuipumzisha kompresa, weka 5. Usishushe F3 kwa haraka ya kupoza. Kompresa ikiwashwa kabla presha ya gesi haijatulia inahangaika kuanza, inachemka, na mwisho inaungua. F4 ni ya kusahihisha sensa. Saga barafu, ijaze kikombe, ongeza maji kidogo tu yafunike, koroga, tumbukiza ncha ya sensa dakika tatu. Isiposoma 0, ongeza au punguza kwenye F4. Sensa za bei rahisi kukosea nyuzi moja ni jambo la kawaida, na nyuzi moja kwenye laga ni nyingi.

Kwa wenye umeme unaopanda na kushuka, frijigadi ni ya lazima, lakini iwekwe mahali pake: frijigadi ukutani, kidhibiti kwenye frijigadi, friza kwenye kidhibiti. Ukiiweka baada ya kidhibiti, kila kidhibiti kinapokata na kurudisha umeme, frijigadi inaanza upya kuhesabu dakika zake za kusubiri. Joto linapanda wakati wewe unaona taa ya kupoza inawaka na kompresa iko kimya.

Friji ya kusimama au friza ya kulala? Friza ya kulala inahifadhi baridi vizuri zaidi, hasa umeme ukikatika, na ukiifungua baridi haimwagiki nje. Ubaya wake ni kuinua ndoo ya kilo 22 juu ya ukingo, na unyevunyevu. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 12 haigandishi maji, kwa hiyo yanakusanyika chini na kuta zinaota ukungu mweusi. Ifute kwa maji yenye siki au dawa ya klorini kila unapomaliza bia moja, na weka ndani kopo la kufyonza unyevu. Usitoboe ukuta wake kupitisha waya wa sensa, kwa sababu mabomba ya gesi yamepita humo humo ukutani. Pitisha juu ya mpira wa mfuniko, waya ni mwembamba, mpira utaukumbatia. Kiti cha ndani kilichoinuliwa juu ya kompresa kinafaa chupa, ndoo iweke chini juu ya kipande cha ubao. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ikielekezwa juu inasaidia sana, kwani hewa baridi hulala chini na kuacha nusu ya juu ya ndoo kwenye joto.

Sensa inakaa wapi

Hili ndilo la kuzingatia kuliko yote, na halina gharama. Sensa ikining'inia hewani inadhibiti hewa. Hewa ni nyepesi, inapoa ndani ya dakika chache, kompresa inazima, bia haijasikia kitu. Ukifungua mlango, hewa inapanda ghafla na kompresa inawaka bila sababu.

Ibandike ubavuni mwa ndoo, katikati ya kimo cha bia, mbali na povu la juu na mbali na tope la hamira linalotua chini. Futa jasho la ndoo kwanza, sehemu hiyo iwe kavu kabisa. Laza ncha ya chuma iguse plastiki kwa urefu wake wote, ibane kwa selotepu. Juu yake weka kipande cha sponji la godoro kipana kama kiganja, unene sentimita 3 hadi 5, kisha zungusha mkanda kwenye ndoo nzima na uukaze mpaka sponji libonyee. Sponji linaizuia sensa isisikie hewa, isome ukuta wa ndoo peke yake. Wakati bia inachachuka, gesi inayopanda inaikoroga muda wote, kwa hiyo ukuta na kitovu cha ndoo havipishani hata nyuzi moja. Mkanda ukilegea sensa ikaanguka, kidhibiti kitasoma hewa na hutajua, kwa hiyo uutazame kila unapofungua.

Mrija wa chuma unaozama katikati ya bia, sensa ikiwa ndani yake, unasoma kwa usahihi zaidi, lakini una tabia yake. Baridi inachelewa kufika katikati. Kompresa inaendelea kuvuma mpaka kitovu kifike 12, na wakati huo hewa ya friza imeshashuka chini sana. Kompresa inazima, baridi iliyobaki inaendelea kuingia, bia inashuka mpaka 11.2. Kama umechomeka na kipasha joto, nacho kinawaka, kisha kinapitiliza upande wa pili, na vifaa viwili vinashindana usiku kucha kwa umeme wako. Kwa mazingira ya pwani ushauri wangu ni mmoja: chomoa kipasha joto kabisa kipindi cha nyuzi 12. Hakina kazi.

Kupoza kabla ya hamira

Maji ya bomba ya Dar yana nyuzi 27 hadi 29, kwa hiyo koili ya shaba haitakushusha chini ya 30 hata uache bomba wazi saa nzima. Njia moja ni kuishusha bia hadi 35 kwa maji ya bomba, halafu kuhamisha koili kwenye ndoo ya maji ya barafu yanayozungushwa na pampu ndogo ya tangi la samaki. Kutoka 35 hadi 12 kwa lita 20 kunahitaji kama kilo 5 za barafu kwa hesabu kavu, kwa vitendo andaa 8 hadi 10. Njia ya pili ni kuiweka ndoo kwenye friza ikiwa imefungwa na kuisubiri ifike 10, mara nyingi mpaka asubuhi. Njia hiyo ni salama mradi ndoo, mfuniko na kizibo vimepita kwenye dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu maji ya kimea yasiyo na hamira hayana mlinzi.

Usitie hamira kwenye nyuzi 25 kwa matumaini ya kupoza baadaye. Nyakati za kwanza hamira inazaana, na kipindi hicho ndicho kinachotengeneza harufu nyingi za matunda na malighafi ya harufu ya siagi. Juu ya hayo, ukiipoza kwa kasi wakati imeshaanza kazi inashtuka, inajikunja na kutua chini kabla ya kumaliza sukari. Tia kwenye 10, iache ipande yenyewe hadi 12 ndani ya siku moja au moja na nusu, kisha ishikilie hapo.

Baridi inataka hamira nyingi. Kwa W-34/70 kavu, aina mojawapo ya hamira ya laga, lita 20 za 1.050 kwenye nyuzi 12 zinataka pakiti 2 za gramu 11.5. Ukitaka kuchachusha kwenye 9, fikiria mara mbili ya hapo au zaidi. Pakiti moja itafanya kazi, lakini itachelewa siku mbili tatu kuanza, na seli zake zitalazimika kuzaana vizazi vingi zaidi, kila kizazi na harufu yake. Mapovu kuonekana baada ya saa 24 hadi 48 ni kawaida kabisa kwa laga. Usiipandishie joto kwa wasiwasi.

Kupandisha, kisha kushusha

Mpango wa kukaa nyuzi 12 mwanzo hadi mwisho ni wa viwanda vyenye miezi ya kusubiri. Nyumbani, kipimo kikishuka kutoka 1.050 hadi 1.022 au 1.020, iachie bia ipande hadi 16 au 18 kwa siku mbili hivi. Kabla ya kusoma haidromita acha sampuli ifike nyuzi 20, au soma kwa hesabu ya joto lake, maana nyingi zimesahihishwa kwa joto hilo. Dar huhitaji kitu zaidi ya kubadilisha F1, joto la nyumba na la hamira vitafanya kazi. Nairobi mwezi wa Julai balbu ya wati 40 ndani ya kopo la bati lililofungwa inatosha. Mwanga wenyewe usiifikie bia, unaiharibu hopsi na kuleta harufu mbaya.

Sababu ya kupandisha ni daiasetili, harufu ya siagi au samli. Hamira ikizaana inavujisha kemikali ambayo haina harufu, na nje ya seli kemikali hiyo inageuka polepole kuwa daiasetili. Hamira hiyo hiyo baadaye inaifyonza na kuifanya kitu kisichonukia. Hatua zote mbili zinaenda haraka zaidi kwenye joto, ila zinahitaji hamira iliyo hai na iliyotawanyika kwenye bia. Ndiyo maana unapandisha kabla hamira haijatua, usingoje bia itulie.

Jaribio la kujua kama imeisha ni rahisi. Chota bia kwenye vichupa viwili vyenye mfuniko. Kimoja kiache mezani, kingine kizamishe kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20, kisha kipoze vilingane. Fungua, nusa kimoja baada ya kingine. Vyote safi, endelea. Kilichopashwa kikinukia siagi na kingine hakinukii, malighafi bado imo, subiri siku mbili urudie. Wiki nzima ikipita kwenye 18, kipimo hakishuki tena na siagi bado ipo, shuku bakteria, na hao hawaondolewi kwa joto lolote.

Kisha shusha nyuzi 2 kwa siku mpaka 1 au 2. Bia ikipoa inasinyaa na kuvuta hewa kupitia kizibo cha maji, pengine pamoja na maji yenyewe. Kabla ya kuanza kushusha, badilisha kizibo uweke puto au mfuko uliojaa gesi ya bia yenyewe, uliokusanywa siku za mapovu mengi. Ikae baridi wiki 3 hadi 6. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu na nyuzi 2.5 chini ya sifuri, kwa hiyo kuseti 1.5 kunakuachia nafasi. Friza moja haiwezi kufanya kazi mbili: huwezi kuchachusha bia mpya kwenye 12 wakati ya zamani inalala kwenye 1. Panga ratiba yako kwa kuzingatia hilo.

Umeme ukikatika, au friza ikikosekana

Umeme ukikatika usifungue mfuniko. Lita 20 ndani ya friza nzuri, nje kukiwa nyuzi 30, hupanda kwa makadirio nusu nyuzi hadi nyuzi moja kwa saa. Saa mbili hazina neno. Kwa mkato mrefu, kuwa na chupa za maji za lita 1.5 zilizoganda kwenye friji ya chakula. Chupa moja ikiyeyuka inavuta takriban kilojuli 500, sawa na kushusha lita 20 kwa nyuzi 6, kwa hiyo weka moja pembeni ya ndoo, usijaze tano.

Chupa hizo hizo zinaweza kuendesha kazi yote bila friza ya pili. Ndoo inakaa ndani ya beseni kubwa, maji yafike usawa wa bia, na beseni lote livikwe godoro la sponji na mfuniko. Likivikwa vizuri, chupa 6 hadi 8 kwa siku zinaweza kulishikilia karibu na 12 kwenye chumba cha nyuzi 30, ukibadilisha asubuhi na jioni. Beseni tupu bila godoro litakula mara tatu ya hizo, na hakuna friji ya nyumbani inayogandisha kwa kasi hiyo. Hapa sensa inakuwa ndani ya maji ya beseni, si kwenye ukuta wa ndoo.

Asiyeweza hata hilo achachushe W-34/70 kwenye 16 hadi 18 bila kuyumba. Ni hamira mvumilivu, na bia yake kwenye 17 tulivu ni safi kuliko ya 10 inayoruka hadi 15 kila mchana. Wenye keg (pipa la chuma la bia) huweza pia kuchachusha chini ya presha ya bar 1 ili kupunguza harufu za matunda. Kamwe usifanye hivyo kwenye ndoo ya plastiki au chupa ya kioo.

Pua inakuambia nini

Ndizi mbivu au peasi: bia ilikuwa moto siku tatu za kwanza, au hamira ilikuwa chache. Kwenye mbege harufu ya ndizi ina mahali pake, kwenye laga haina. Pombe inayochoma koo ni joto lile lile, likiwa kubwa zaidi. Tofaa bichi: umeiwahi, hamira haijamaliza, irudishe 16 siku chache. Mayai viza wakati wa kuchachuka hayatishi, ni salfa, gesi inaibeba na kipindi cha baridi kinaimaliza. Mapovu yakisimama kwenye 1.020 bila kushuka tena, pandisha hadi 16 na uitikise ndoo taratibu kuinua hamira iliyolala, bila kufungua mfuniko.

Unapoweka kwenye chupa, hesabu ya sukari inafuata joto la juu kabisa bia ilikofika baada ya kuchachuka, yaani 18, wala si 2 inayosoma siku hiyo. Gesi iliyotoka kwenye 18 hairudi kwa kupoza. Lita 20 kwa gesi ya kawaida ya laga zinataka karibu gramu 125 za sukari. Ukihesabu kwa nyuzi 2 utapata kama 70 na bia itakosa gesi ya kutosha. Baada ya wiki 6 za baridi hamira iliyobaki ni chache na imechoka, kwa hiyo ongeza gramu 2 za hamira kavu mpya kwenye ndoo ya kujazia, koroga bila kuingiza hewa, na uache chupa kwenye joto la chumba wiki mbili kabla ya kuzirudisha friji.